Nyuki Hafi Ukiinua Sanduku, Hufa Ukilitua

Simama kando siku moja umtazame mtu anayefungua mzinga wa masanduku kwa mara ya kwanza. Kwenye kufungua ana adabu zote. Anapuliza moshi kidogo mlangoni, anasubiri, anapenyeza patasi polepole, anakifunua kifuniko kama anayefunua kawa mbele ya wageni. Nyuki wanazagaa juu ya fremu, zile mbao nyembamba zinazobeba masega, wanavuma, lakini bado hawajamtafuta mtu. Kisha inafika zamu ya sanduku la juu, lenye asali. Analing'oa, analikumbatia, uzito unamvuta mbele, na hapo anagundua kwamba hajui aliweke wapi. Anageuka kulia, anageuka kushoto. Mikono inachoka. Mwisho analibwaga kwenye nyasi. Mvumo wa mzinga unabadilika papo hapo, na nusu saa iliyobaki inakuwa ya kujihami.

Nimefuga nyuki miaka 12 kwenye miombo ya upande wa Tabora, na makosa hayo nimeyafanya yote kabla sijaanza kuwaonya wenzangu. Jambo moja lilinichukua muda mrefu kulielewa, ingawa ukishalijua unashangaa ulikuwa hulioni kwa nini: kuinua hakuui nyuki, kutua ndiko kunakoua. Kila kinachoinuliwa kwenye mzinga lazima kitue mahali. Kifuniko kitatua, sanduku litatua, fremu itatua, hata patasi na bomba la moshi vitatua. Unapoinua, mbao zinaachana na nyuki aliyekuwa katikati anabaki huru. Unapotua, mbao mbili zinakutana, na aliye katikati hana pa kwenda. Kwa hiyo mtu anayetaka kufanya kazi bila kubana nyuki asianze kwa kuuliza mzinga unafunguliwaje. Aulize kwanza kila kitu kitatua wapi, na kitatuaje.

Harufu ya ndizi mbivu

Huenda msomaji akasema: kundi lina makumi elfu ya nyuki, malkia hutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku msimu ukiwa mzuri, sasa vibarua kumi, yaani nyuki wafanyakazi, waliopondwa ni hasara gani? Kwa hesabu ya vichwa si kubwa. Ubaya uko kwenye harufu.

Mwiba wa nyuki kibarua una tezi zenye majimaji mepesi yanayoruka hewani mara mwiba unapochomoza au mwili unapopasuka. Kiungo kikuu cha harufu hiyo ni kemikali iitwayo isopentili asetati, iliyotambuliwa na watafiti wa Kanada mwaka 1962. Kemikali hiyohiyo imo katika harufu ya ndizi mbivu. Ukiwa mzingani ukasikia ndizi mbivu na hakuna ndizi karibu, ujue kengele imeshagongwa. Walinzi wa mzinga wakiinusa wanaelewa neno moja tu: adui yuko hapa, mchomeni hapahapa. Anayechoma huacha mwiba wake pamoja na tezi zake, na tezi zinaendelea kutoa harufu mahali palepale, zikiwaita wengine. Nyuki mmoja aliyepondwa ukingoni anaanzisha mlolongo huo bila hata kumchoma mtu.

Nyuki wetu wa bara, ambao wataalamu huwaita Apis mellifera scutellata, huitikia kengele hiyo upesi kuliko nyuki wa Ulaya, huitikia kwa wingi, na hufukuza mbali. Ndio hao waliopelekwa Brazil mwaka 1956 kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, wakatoroka, wakazaana na nyuki wenye asili ya Ulaya, hadi leo wanajulikana kwa ukali wao katika mabara yote mawili ya Amerika. Nalisema hili kwa sababu maelekezo mengi ya ufugaji yanayosambaa yametungwa na watu waliozoea nyuki wa Ulaya. Kwao kubana nyuki watano ni uzembe mdogo. Kwetu watano hao wanaweza kugharimu uhai wa mbuzi wa jirani aliyefungwa kamba bondeni.

Moshi unasaidia kwa njia mbili. Unawafanya nyuki wakimbilie kwenye asali na kujaza matumbo, na unavitia ganzi kidogo vipapasio vyao ili visiinuse sawasawa ile harufu ya hatari. Ganzi hiyo haidumu, ndani ya dakika 10 hadi 20 inakwisha. Na moshi haufuti harufu iliyokwisha kumwagika, unaifunika tu. Mtu anayebana nyuki kila mara anapotua kitu anashindana na moshi wake mwenyewe, kisha anaulaumu moshi.

Kuna hasara nyingine mbili za kimyakimya. Ya kwanza ni ugonjwa: nyuki ni watu wa usafi, waliopondwa ndani ya mzinga husafishwa na wenzao kwa midomo, na kama marehemu alikuwa na vimelea vya nosema tumboni, msafishaji anavimeza. Ya pili ni malkia. Yeye hana mahali maalumu pa kukaa, anatembea popote penye majana, yaani mayai na funza wa nyuki, na siku moja aliye chini ya ukingo atakuwa yeye. Vibarua watalea mwingine kutoka kwenye funza aliyeanguliwa siku chache tu zilizopita. Malkia huchukua siku 16 hivi tangu yai hadi kutoka kwenye chumba chake, kisha anahitaji siku za kukomaa, kuruka na kupandwa, ndipo aanze kutaga, na kibarua naye huhitaji kama wiki tatu tangu yai. Jumlisha yote: takriban wiki sita bila nyuki wapya wanaotokana na malkia mpya. Likitokea hilo miti ya mtundu na muba ikiwa inakaribia kuchanua, msimu huo umekwenda.

Masanduku yalikuja na tatizo lake

Wazee waliorina kwenye magogo na magome hawakulijua tatizo hili kwa sura yake ya sasa. Ndani ya gogo masega yameshikamana na dari na hakuna mbao inayolala juu ya mbao. Wao waliua nyuki kwa vijinga vya moto na kwa kukata masega yenye majana, na mauaji hayo yalikuwa makubwa zaidi. Lakini kubana ukingoni kumekuja na mzinga unaofunguka.

Mzinga huo una historia yake. Mwaka 1851 huko Philadelphia, Marekani, mchungaji wa kanisa aitwaye Lorenzo Langstroth alitambua kwamba kuna nafasi ambayo nyuki huiacha kama ilivyo, yenye upana wa milimita 6 hadi 9 hivi. Ikiwa finyu kuliko hapo wanaiziba kwa gundi yao. Ikiwa pana kuliko hapo wanaijaza masega. Ikiwa katikati wanaifanya kichochoro cha kupita. Mwaka uliofuata alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mzinga wenye fremu zinazoning'inia, kila fremu ikiwa imeachiwa kichochoro hicho pande zote. Masanduku yote tunayopandanisha leo yamesimama juu ya milimita hizo chache.

Sasa chukua tepu upime sanduku lenyewe, lile la fremu kumi. Kwa nje lina urefu wa sentimita 50 na nusu na upana wa sentimita 41 hivi, na mbao ina unene wa kama sentimita 2. Ukingo wake wote, ukiuzunguka, ni eneo la sentimita za mraba 350. Nyuki kibarua ana urefu wa milimita 12 hivi. Ukilitua sanduku juu ya jingine likiwa limelala sawa, eneo lote hilo linafungwa kwa mpigo mmoja, na huwezi kuona chini yake kuna nani.

Ligeuze sanduku robo mzunguko kabla hujalitua, upande mrefu ukatize upande mrefu wa lililo chini. Sasa mbao zinagusana mahali panne tu, kila mahali sentimita 2 kwa 2. Ni sentimita za mraba 16 kati ya zile 350, na zote nne unaziona kwa macho. Hii ndiyo sababu mfugaji mzoefu anakipindua kifuniko chini kwanza, mdomo juu, halafu analitua sanduku la asali juu yake likiwa limekatiza. Asiyekuwa na kifuniko chenye mdomo alaze papi mbili sambamba. Nyuki walio chini ya fremu wananing'inia hewani, hawagusi chochote, na asali inayodondoka inaangukia kwenye bati badala ya mchanga.

Kuna kosa linaloanzia kwa seremala, na hili nalisisitiza kwa sababu mfugaji hujilaumu mkono wake kumbe aliuziwa mtego. Sanduku likitengenezwa kwa mbao mbichi, kiangazi kikija mbao inasinyaa kwa upana wake, na upana wa mbao ndio kimo cha sanduku. Fremu hazifupiki, kwa sababu miguu yake ya pembeni imekatwa kufuata urefu wa mbao, na urefu hausinyai kiasi cha kuonekana. Matokeo yake sanduku linakuwa fupi, fremu zinabaki na kimo kilekile, na chini zinajitokeza kuliko ukingo. Kile kichochoro kati ya fremu za juu na za chini kimekwisha. Ukilitua sanduku hilo hubani ukingoni tu, unakandamiza juu ya migongo ya fremu zote kumi kama anayekamua nazi, na hakuna ufundi wa mkono utakaokuokoa. Kulipima ni rahisi: weka sanduku lenye fremu tupu juu ya meza iliyonyooka. Fremu zisiguse meza hadi zikainua masikio yake, zile ncha mbili za juu zinazoning'iniza fremu. Kisha laza rula juu ya sanduku, kati ya rula na migongo ya fremu paonekane milimita 6 hadi 9. Sanduku lisilopita kipimo hicho lirudi kwa fundi kabla halijapata nyuki.

Kabla ya kugusa kifuniko

Sanduku la kimo kirefu lililojaa asali linaweza kufika kilo 35 hadi 40. Hakuna mtu anayeweza kulitua polepole akiwa peke yake, ameinama, amevaa ovaroli, jasho likimwingia machoni. Misuli ikichoka kutua kunageuka kudondosha. Kwa hiyo wawe wawili, au fremu zihamishwe moja moja kwenye sanduku tupu lililoandaliwa pembeni, au masanduku ya asali yawe mafupi. Mimi naona vikundi vyetu vingepewa masanduku mafupi ya asali tangu mwanzo, maana wanachama wengi ni akina mama na wazee, na sanduku ambalo mtu hawezi kulibeba kwa utulivu linaua nyuki kila msimu hata kama maelekezo yamefuatwa.

Huku kwetu kuna jambo ambalo maelekezo ya Ulaya hayaligusi. Mizinga yetu mingi inaning'inizwa kwa waya kati ya miti au nguzo mbili, ili nyegere asiipindue, na waya unapakwa grisi kuwazuia siafu. Ni ulinzi mzuri, lakini mzinga unaoning'inia unabembea. Ukiusukuma kidogo kwa patasi unakwenda, unarudi, na kila unaporudi kifuniko kinasagika juu ya sanduku na sanduku juu ya kitako. Nyuki wanasagwa katikati hata kabla hujaanza kazi. Dawa yake ni panda mbili za miti. Ziegemeze chini ya kitako, moja kila upande, mpaka ukisukuma mzinga kwa kiganja hautikisiki. Nimewaona watu wenye mavazi kamili na bomba zuri la moshi wakishindwa na mzinga ambao ungetulia kwa panda mbili zilizokatwa palepale porini.

Baada ya hapo andaa mahali. Kifuniko kitalala wapi? Sanduku la kwanza juu ya nini? Fremu ya kwanza itaegemezwa wapi, na je, kuna sisimizi hapo? Bomba la moshi litakaa upande upi wa upepo? Fanya mazoezi ya kutembea hatua zako ukiwa mikono mitupu, mara moja tu. Nyasi ndefu zilizo mbele ya mzinga zifyekwe siku moja kabla. Nyuki wachanga wakidondoka kwenye nyasi hawajui kuruka vizuri, wanabaki hapo, na viatu vyako vinamaliza kazi.

Moshi uwe mweupe na wa baridi. Magunzi, samadi kavu ya ng'ombe, gunia la katani lililochakaa, vyote vinafaa. Plastiki na tambara lenye mafuta ya taa havifai kabisa. Puliza mlangoni mara mbili tatu, subiri kama dakika mbili, ndipo ufungue. Na usizidishe. Moshi mwingi unawafanya nyuki wakimbie ovyo na kurundikana kwenye kingo, yaani mahali palepale ambapo hukutaka wawepo.

Kulirudisha sanduku

Hapa ndipo wafugaji wanapobishana, na kila mmoja ana ushahidi wake.

Wapo wanaolitua sanduku kimshazari, pembe zikiwa zimepishana, kisha wanalizungusha taratibu mpaka likae sawa. Wapo wanaolianzia nyuma na kulisukuma mbele likiteleza, ukingo ukiwasogeza nyuki kama fagio. Na wapo wanaotua ukingo mmoja tu wa nyuma, wakiushikilia wa mbele juu, kisha wanaufunga kama jalada la msahafu. Njia ya kutelezesha ni nzuri kingo zikiwa safi na nyuki wachache. Nyuki wakiwa wengi, fagio linageuka kisu: mguu au kichwa kinaingia chini na mwili unabaki nje. Kuzungusha nako kuna shida hiyohiyo, ila mguso wa kwanza unabana eneo dogo.

Kwa nyuki wetu mimi nimetulia kwenye njia ya jalada. Kwanza kingo za chini zinafukizwa moshi mwembamba, pumzi moja kila upande, na nyuki wanateremka. Waliobakia nawasogeza kwa shina la nyasi mbichi au unyoya wa kuku, maana brashi ngumu inawaudhi. Mwenzangu anashika upande wa pili. Tunalenga ukingo wa nyuma mpaka uwe umenyooka na ule wa chini, kwa sababu ukikosea hapa utalazimika kulivuta sanduku baadaye, na huko kuvuta ndiko kunakosaga. Ukingo wa nyuma unatua. Ukanda mmoja wa sentimita 41 unaonekana wote. Kisha tunateremsha mbele, tukisimama kila tunaposhuka upana wa kidole, tukilitikisa sanduku kidogo sana ili walio chini wahisi na waondoke. Sentimita ya mwisho inachukua muda mrefu kuliko zote zilizotangulia. Hesabu mpaka tano, angalia pande mbili, funga.

Jifunze pia kusikiliza. Nyuki aliyeanza kubanwa hutoa mlio mwembamba, mkali, tofauti kabisa na mvumo wa wenzake. Ukiusikia, inua milimita chache mara moja. Mara nyingi anatoka akiwa mzima.

Kazi hii inakuwa nyepesi mara tatu ikiwa kingo ni safi. Gundi iliyorundikana na vipande vya masega vilivyojengwa kati ya masanduku hufanya sanduku lisitulie, litingishike kama meza yenye mguu mfupi, na kila linapotingishika linakanyaga. Kwarua kwa patasi kila unapofungua, uweke makwaruzo kwenye kopo, maana gundi na nta vyote vina kazi. Na kabla ya kuinua sanduku lililoshikamana, lizungushe kidogo kwanza palepale lilipo ili lile sega la kuungia likatike. Ukilivuta moja kwa moja juu linaweza kuinuka na fremu ya chini, ambayo itadondoka ndani ikiwa imejaa nyuki.

Fremu na masikio yake

Fremu inabana nyuki kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuviringisha: unavuta fremu ya katikati ikiwa imebanana na jirani zake, na nyuki walio kati ya masega mawili wanasagwa kama mtama kwenye jiwe. Malkia yuko katikati mara nyingi, kwa hiyo usianzie hapo kamwe. Anza na fremu ya pembeni kabisa au ya pili yake, ambayo kwa kawaida ina asali tu. Itoe polepole, wima, uiegemeze kivulini. Sasa una nafasi. Fremu inayofuata isogeze kwanza kwenye nafasi hiyo kwa patasi, ndipo uiinue. Ukirudisha, zisogeze zote kumi kwa pamoja kama kitu kimoja, usizisukume moja moja.

Njia ya pili ni masikio. Pale kwenye mfereji mdogo ambapo sikio la fremu linakaa, nyuki hupenda kujificha. Pumzi ya moshi, shusha fremu mpaka kabla tu ya kugusa, subiri, achilia. Hakuna zaidi ya hapo, lakini wengi wanapasahau.

Mzinga wa vibao

Mzinga wa vibao, ambao nyuki hujenga masega yao chini ya vibao vilivyopangwa juu yake, uliosanifiwa Kenya katika miaka ya 1970 umeenea kwetu pia, na wengi huuchagua kwa sababu hauna masanduku ya kubeba. Hilo ni kweli. Lakini hesabu ya kutua haijakwisha, imehamia mahali pengine. Kila kibao kina upana wa milimita 32, unaolingana na nafasi ambayo nyuki wetu huachia sega moja hadi jingine, na urefu wa sentimita 48. Vibao vinagusana bila mwanya. Mzinga wenye vibao 25 una viungo 24 kati yao, na ukiviunganisha kwa urefu vinazidi mita 11. Ukifungua vibao kumi, umejipa karibu mita tano za kufunga tena, na kila unapofunga nyuki wanachungulia katikati.

Kinachonisaidia ni kufunga kama mkasi. Kibao kinatua kwa ncha moja, ikigusana na jirani yake, na ncha ya pili ikiwa wazi kama sentimita mbili. Pumzi ndogo ya moshi kwenye mwanya, kisha ncha ya pili inakuja taratibu. Nyuki wanasukumwa kuelekea upande ulio wazi na wanateremka. Ukifunga kibao sambamba, urefu wote kwa mara moja, hakuna upande wa kukimbilia. Acha pia kibao kimoja tupu mwanzoni mwa mzinga ili uwe na nafasi ya kufanyia kazi tangu mwanzo.

Na hapa tena seremala anahusika. Kibao kikikatwa milimita 36, nyuki hawajui kwamba ulikusudia sega moja kwa kibao kimoja. Watahama polepole, sega la tano litakuwa limeshikilia vibao viwili, na siku ukiinua kimoja utapasua mawili. Asali itawazamisha nyuki wengi kuliko utakaowabana kwa mwaka mzima. Lile jambo linaloonekana dogo la kupaka mstari wa nta katikati ya kibao kipya, unyooke, linaokoa nyuki zaidi ya unyoya wowote wa kuku.

Giza na glovu

Wafugaji wengi hapa hufanya kazi usiku kwa sababu nyuki hawaruki sana gizani. Hawaruki, lakini wanatambaa. Wanapanda juu ya glovu, chini ya kiganja, kwenye mikunjo ya ovaroli, kwenye mpini wa bomba, na wewe huoni. Usiku mtu anabana nyuki wengi kuliko mchana bila kujua. Kama lazima usiku, funika tochi kwa nailoni nyekundu. Nyuki hawaioni rangi nyekundu, kwao ni giza tu, na hawatairukia tochi. Mimi napenda saa kumi na moja na nusu ya jioni: bado naona kingo vizuri, na kengele ikigongwa kwa bahati mbaya, giza linaingia muda si mrefu na kuwatuliza.

Glovu nene za ngozi zinalinda, lakini zinaondoa hisia za vidole. Ninapokamata sanduku siweki vidole chini yake bila kutazama, na ninashika kwa kutelezesha vidole kutoka pembeni ili nyuki wasogee mbele yake. Glovu iliyochomwa na nyuki hubaki na ile harufu ya ndizi, kwa hiyo ifukize moshi palepale, na ukifika nyumbani uifue kwa sabuni pamoja na ovaroli. Ukivaa tena vazi lenye harufu ya vita vya jana, nyuki wanaanza leo pale walipoishia.

Kesho yake asubuhi rudi, bila kufungua chochote. Nyuki hawakai na maiti ndani, vibarua wa usafi huwatoa mapema na kuwatupa karibu na mlango. Jioni ile ya kazi mimi hutandika gunia jeupe chini ya mzinga, na asubuhi nahesabu waliolala juu yake. Waliokufa kwa uzee miili yao haijapondwa, ila mabawa yamechakaa. Waliobanwa wako bapa, tumbo limepasuka, na mara nyingi wamebeba alama ya mahali walipofia: mstari ulionyooka ni ukingo, kichwa kilichokatika ni kibao. Mwaka wangu wa kwanza niliacha kuhesabu nilipovuka 200. Msimu huu uliopita, mzinga wa masanduku mawili, watu wawili, fremu zote zimekaguliwa, nilikuta bapa 9, na sita kati yao walikuwa na alama ya sikio la fremu. Sasa najua wiki ijayo nitapunguza mwendo wapi.